Grand Central, New York: mwongozo kamili wa kusafiri na kutembelea

Mgeni akiingia Grand Central huona ukumbi mmoja mkubwa, akadhani na stesheni ni moja. Chini ya paa lile kuna mitandao mitatu ya reli: Metro-North, inayokwenda kaskazini mwa jiji na jimbo la Connecticut, Long Island Rail Road, yaani LIRR, inayokwenda mashariki, na sabwei ya jiji lenyewe, yaani treni za chini ya ardhi. Kila mmoja una kina chake na tiketi yake. Wengi wanaokosa treni hapa hukwama kwenye mambo hayo mawili. Wana tiketi halali lakini wamesimama ghorofa nyingine, au wamefika ghorofa yenyewe wakiwa na tiketi ya mtandao mwingine. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na ghorofa na tiketi. Uzuri wa jengo unakuja baadaye, nao tumeupa nafasi ya kutosha kwa sababu unaistahili.

Hakikisha kwanza kwamba hii ndiyo stesheni yako

Treni za Amtrak za masafa marefu, za Washington, Boston, Chicago na kwingineko, hutumia Penn Station upande wa magharibi wa Manhattan. Zilihama Grand Central Aprili 1991. Tiketi yako ikiwa imeandikwa Amtrak na wewe umeshafika Grand Central, usitaharuki. Panda treni S au 7 ya sabwei hadi Times Square, kisha 1, 2 au 3 kuelekea Downtown, yaani kusini, ushuke kituo kinachofuata, 34 Street–Penn Station. Kwa miguu ni kama kilomita 2, tenga nusu saa ukiwa na begi. Teksi saa za jioni inaweza kuchukua muda huohuo au zaidi, maana barabara za katikati ya Manhattan hujaa.

Kwa Metro-North, hapa ndipo penyewe. Njia zake kuu ni tatu: Hudson hadi Poughkeepsie, Harlem hadi Wassaic, na New Haven hadi mji wa jina hilo, kilipo Chuo Kikuu cha Yale.

Namba ya njia inakuambia ghorofa

Hili likariri kabla ya jingine lolote. Njia hapa ni reli ambayo treni yako inasimama jukwaani, si njia ya safari kama Hudson au Harlem. Njia yenye tarakimu mbili, kuanzia 11 hadi 42, iko ghorofa ya juu, usawa wa ukumbi mkuu. Yenye tarakimu tatu inayoanza na 1 iko ghorofa ya chini, kwenye eneo la migahawa. Inayoanza na 2 au 3 iko Grand Central Madison, stesheni ya LIRR iliyochimbwa chini kabisa, zaidi ya mita 40 kutoka barabarani.

Madison ilifunguliwa tarehe 25 Januari 2023. Ina njia nane: 201 hadi 204, na chini yake 301 hadi 304. Ngazi zake za umeme ndefu zaidi zina urefu wa mita 55 hivi, na ukiziteremka mara ya kwanza utaona kama haziishi. Kutoka ukumbi mkuu hadi behewa la LIRR tenga dakika 10 za kutembea, na 15 ukiwa na mzigo au mtoto. Wanaochelewa hapa mara nyingi walishafika jengoni mapema, ila walipiga hesabu ya muda hadi mlangoni wakasahau safari ya kushuka.

Metro-North peke yake ina majukwaa 44, na hakuna stesheni nyingine duniani yenye majukwaa mengi kuliko hayo. Hata hivyo huhitaji kuyajua. Treni yako inaweza kubadilishiwa njia kila siku, kwa hiyo usitegemee njia ya jana. Angalia ubao au simu.

Ingia kwa mlango unaokufaa

Mlango wa mtaa wa 42, pale Park Avenue inapokutana na jengo, ndio bora kwa mwenye mabegi. Unapita Vanderbilt Hall, uliokuwa ukumbi wa kusubiria, na sakafu inakuteremsha taratibu hadi ukumbi mkuu bila ngazi hata moja. Mteremko huo ulipangwa hivyo tangu jengo lilipofunguliwa tarehe 2 Februari 1913. Wasanifu wake, kampuni za Reed & Stem na Warren & Wetmore, walitaka umati uteremke kwa sakafu za kuinama, kwa sababu mtu mwenye sanduku hupunguza mwendo kwenye ngazi na kuwasimamisha walio nyuma yake. Hadi leo, ukitaka kwenda ghorofa ya chini na sanduku lenye magurudumu, tafuta mteremko kabla ya kutafuta lifti.

Milango ya Lexington Avenue nayo inaingia usawa wa ukumbi mkuu, na ndiyo ya karibu zaidi na treni 4, 5 na 6. Mlango wa Vanderbilt Avenue, upande wa magharibi, uko juu ya ukumbi. Ukiingia hapo unatokea roshani na kukabiliwa na ngazi za marumaru. Kwa macho ni mlango mzuri kuliko yote, kwa mwenye mzigo ni mateso. Mwenye ofisi au hoteli mitaa ya 45 hadi 48 atumie vijia vya kaskazini, ambavyo humfikisha kwenye mwisho wa majukwaa bila kurudi hadi ukumbini. Angalia saa zake mlangoni, kwani hufungwa mapema kuliko jengo lenyewe. Jengo hufunguliwa saa 11:15 alfajiri na kufungwa saa 8 usiku.

Tiketi

Pakua programu ya TrainTime ya MTA, shirika linaloendesha mitandao yote mitatu. Inauza tiketi za Metro-North na LIRR, inaonyesha njia ya treni, na hata behewa lipi limejaa. Asiyetaka simu atumie mashine ukumbini au dirisha la tiketi.

Aliyezoea SGR ya Nairobi au Dar es Salaam atashangaa: hakuna ukaguzi wa mizigo kwa mashine, hakuna kitambulisho, tiketi haina jina wala namba ya kiti. Unakaa popote. Kondakta atapita ndani ya treni kukagua. Kwa sababu hiyo baadhi ya wageni hupanda bila tiketi wakidhani watalipa humo kwa bei ileile. Wanaweza kulipa, lakini bei ya ndani ya treni ni kubwa kuliko ya mashine.

Tiketi ya simu lazima uiwashe kabla ya kuingia behewani. Usiiwashe nusu saa kabla ukiwa bado unakula, na usingoje hadi umwone kondakta. Majukwaa yako chini ya ardhi, mtandao wa simu unaweza kusuasua, na tiketi isiyowashwa haitambuliki kuwa tiketi. Iwashe ukiwa kwenye lango la njia yako.

Nauli ni za aina mbili. Ya saa za msongamano ni ghali zaidi, nayo hutozwa Jumatatu hadi Ijumaa kwa treni za asubuhi zinazoingia mjini na zile zinazotoka Grand Central kuanzia saa 10 jioni hadi saa 2 usiku. Kama huna haraka, kula kwanza, uondoke baada ya saa 2. Wikendi nauli ni ile nafuu siku nzima. Ratiba zimeandikwa kwa saa za Kimarekani, kwa hiyo 4:15 PM ni saa 10:15 jioni. Toa saa sita au ongeza, lakini usichanganye AM na PM, hasa treni za usiku wa manane.

Kadi ya benki unayogusisha kwenye lango la sabwei haifanyi kazi Metro-North wala LIRR, na tiketi ya Metro-North haikupitishi sabwei.

Kupanda treni, hatua kwa hatua

1. Fika dakika 15 kabla kwa Metro-North, 20 kwa LIRR. Simama karibu na saa ya pande nne, juu ya kibanda cha maelezo katikati ya ukumbi. Kutoka hapo unaona mbao za safari, na wahudumu wa kibanda hujibu maswali bure.

2. Kwenye ubao, tafuta saa ya kuondoka kwanza, kisha jina la kituo cha mwisho. Kituo chako kinaweza kuwa njiani, na treni mbili za njia moja zinaweza kuwa na vituo tofauti. Ya haraka hupita vituo vingi bila kusimama. Hakikisha chako kimeorodheshwa.

3. Soma namba ya njia, ujue ghorofa, nenda. Juu ya kila lango kuna kibao kinachorudia saa na vituo. Kisome hata kama una uhakika, maana jukwaa moja lina treni upande wa kulia na upande wa kushoto.

4. Tembea mbele kwenye jukwaa. Mabehewa yaliyo karibu na lango hujaa kwanza, ya mbele huwa na nafasi.

5. Sikiliza tangazo la mabehewa. Baadhi ya vituo vya nje vina jukwaa fupi, na milango hufunguliwa kwa mabehewa machache tu. Aliyekaa behewa jingine hubaki anatazama kituo chake kikipita. Ukiwa na shaka, muulize kondakta anapokagua tiketi.

Anayekwenda Wassaic kwa kawaida hubadilisha treni Southeast, kwa sababu umeme unaishia hapo na treni ya dizeli inaendelea. Anayekwenda Danbury, New Canaan au Waterbury naye achunguze mahali pa kubadilishia kabla ya kuondoka.

Kwa desturi treni za Metro-North huondoka dakika moja baada ya saa iliyotangazwa, ili anayekimbia asianguke. Usiipange dakika hiyo kwenye hesabu yako.

Ukipanda njia ya Hudson, kaa kushoto unapotoka mjini. Reli inaufuata mto Hudson karibu mwendo wote, na upande wa kulia utaangalia kingo za mawe tu. Beacon na Cold Spring ni miji midogo inayofaa safari ya kwenda na kurudi siku moja.

Kutoka uwanja wa JFK

Ndege ya Kenya Airways kutoka Nairobi hutua JFK, kwa hiyo hii ndiyo njia ya Waafrika Mashariki wengi. Panda AirTrain, treni ya uwanjani, hadi stesheni ya Jamaica. Hulipi unapopanda, unalipa unapotoka Jamaica, na unaweza kugusisha kadi ya benki. Hapohapo nunua tiketi ya LIRR. Hapa kuwa makini, kwani Jamaica ni njia panda: treni zinazoelekea mjini nyingine huishia Penn Station, nyingine Brooklyn, nyingine Grand Central. Panda iliyoandikwa Grand Central. Safari ni chini ya nusu saa, kisha utapanda zile ngazi ndefu za Madison.

Anayetaka nafuu achukue treni E ya sabwei palepale Jamaica hadi Lexington Av/53 St, kisha treni 6 kituo kimoja kuelekea Downtown. Ni polepole zaidi na mabegi yatakusumbua.

Uwanja wa LaGuardia hauna reli. Kutoka Grand Central chukua treni 7 kuelekea Flushing, shuka 74 St–Broadway, panda basi la Q70, ambalo ni bure.

Sabwei

Treni 4, 5 na 6 hupita kaskazini na kusini chini ya Lexington. Ya 6 husimama kila kituo. 4 na 5 huruka vituo vingi vya Manhattan. Treni 7 iko chini zaidi yao, inakwenda Queens upande mmoja na Hudson Yards upande mwingine. S ni ya kwenda na kurudi kati ya hapa na Times Square tu. Kabla ya kuteremka jukwaani soma maneno Uptown na Downtown: la kwanza ni kaskazini, la pili kusini. Nauli ni dola 3 tangu Januari 2026, na kadi za zamani za MetroCard haziuzwi tena. Gusisha kadi ya benki au simu kwenye mashine ya OMNY. Kila abiria atumie kadi au simu yake, ili punguzo la wiki lihesabiwe vizuri.

Wenye shughuli Umoja wa Mataifa hawahitaji sabwei. Tembea mtaa wa 42 kuelekea mashariki hadi First Avenue, kisha kaskazini hadi mtaa wa 46, palipo lango la wageni. Ni robo saa.

Kuitazama

Kuingia ni bure. Saa nzuri ni kati ya saa 4 na saa 6 mchana, au baada ya saa 2 usiku. Saa 2 na saa 3 asubuhi, na saa 11 jioni, umati wa wafanyakazi unapita kwa kasi, na anayesimama katikati kupiga picha anagongwa. Nenda roshani ya magharibi, mbali na mapito. Kutoka hapo unaona ukumbi wote: urefu wa mita 84, upana 37, dari mita 38. Kamera na simu ziko huru, lakini stendi ya kamera ya miguu mitatu iache nyumbani.

Ngazi za mashariki, zilizo mkabala nawe, zinaonekana za zamani lakini zilijengwa wakati wa ukarabati uliokamilika 1998. Zilikuwamo kwenye mipango ya mwanzo, hazikujengwa kwa miaka 85.

Sasa inua macho. Dari la kijani-bahari lina nyota zipatazo 2,500 na michoro ya dhahabu iliyobuniwa na Mfaransa Paul César Helleu. Msomaji wa ukurasa wa nyota magazetini atazitambua: upande wa mashariki Ndoo, kisha Samaki, Punda, Ng'ombe, Mapacha, na magharibi Kaa. Anayejua anga ataona zimepinduliwa, mashariki imekuwa magharibi. Abiria mmoja aliligundua hilo mwaka uleule wa 1913. Hata hivyo, ukilinganisha na anga la kweli, kundinyota la Orioni limechorwa inavyostahili.

Tafuta karibu na Kaa, kona ya kaskazini-magharibi, kipande kidogo cheusi. Si uvujaji wa maji. Dari zima lilikuwa na rangi ile kwa masizi ya miongo mingi, hadi liliposafishwa miaka ya 1990, na mafundi wakaacha kipande hicho makusudi ili watu waone lilikotoka. Karibu na Samaki kuna tundu dogo la mviringo. Mwaka 1957 kombora la Redstone lilisimamishwa ukumbini kwa maonyesho, na waya wa kulishikilia ukapitishwa pale.

Angalia pia majani ya mwaloni na mbegu zake zilizochongwa kila mahali, juu ya saa, kwenye taa, kwenye kuta. Ni alama ya ukoo wa Vanderbilt, waliomiliki reli hizi.

Teremka kwa mteremko kuelekea mgahawa wa Oyster Bar, uliopo tangu 1913. Mbele ya mlango wake kuna makutano yenye matao ya vigae, kazi ya mafundi wa familia ya Guastavino kutoka Hispania. Mmoja asimame kona moja akitazama ukuta, mwenzake kona ya mkabala, kwa mshazari. Nong'oneza ukutani: sauti inapanda na tao na kuteremka upande wa pili, wazi kabisa, huku watu wakipita katikati bila kusikia. Makosa ni mawili. Watu husimama kona za upande mmoja, au husimama hatua moja mbali na ukuta. Uso uwe karibu kugusa vigae. Saa za msongamano haifanyi kazi, kelele ni nyingi.

Nje, mtaa wa 42, vuka barabara ndipo utazame juu. Juu ya saa kubwa ya vioo vya Tiffany zimekaa sanamu za miungu ya Kirumi, Merkuri, Herkule na Minerva, kazi ya Jules-Félix Coutan iliyowekwa 1914. Ukiwa chini yake huoni kitu.

Ukijiuliza kwa nini huoni reli hata moja nje, sababu ni ajali. Januari 1902 treni mbili ziligongana kwenye handaki la Park Avenue lililojaa moshi, watu 15 wakafa. Injini za mvuke zikapigwa marufuku Manhattan kuanzia 1908. Mhandisi William J. Wilgus akashauri umeme, na kwa kuwa umeme hauna moshi, reli zingeweza kufunikwa na majengo yakajengwa juu yake. Minara ya Park Avenue unayoiona kaskazini imesimama juu ya majukwaa.

Jengo lenyewe nusura liharibiwe. Penn Station ya zamani ilianza kubomolewa 1963, na wamiliki wa Grand Central wakataka kuweka mnara juu ya hii. Jiji lilikuwa limeitangaza urithi unaolindwa mwaka 1967. Kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani, na Juni 1978 jiji likashinda. Jacqueline Kennedy Onassis, mjane wa Rais John F. Kennedy, alikuwa mstari wa mbele katika utetezi huo, na lango la mtaa wa 42 lina jina lake. Hukumu hiyo ndiyo inayolinda majengo ya kihistoria mengi nchini humo, kwa hiyo wanaojali Stone Town au Mji wa Kale wa Mombasa watapata la kujifunza humu.

Usipoteze muda kutafuta Njia 61, ile inayosemekana ya marais chini ya hoteli ya Waldorf Astoria. Ipo, lakini haifunguliwi kwa umma.

Choo, kiti, mzigo na kilichopotea

Vyoo viko ghorofa ya chini kwenye migahawa, na vingine karibu na ofisi ya mkuu wa stesheni, ukumbi mkuu upande wa njia za 36 na 37, penye viti vya kusubiria. Viti ni vichache jengo zima. Ukipata meza kwenye migahawa, kaa. Hakuna mahali pa kuacha mabegi ndani ya stesheni. Tafuta duka la nje linalohifadhi mizigo kwa saa, au iombe hoteli yako ikushikie.

Ukisahau kitu ndani ya treni ya Metro-North, nenda ofisi ya vitu vilivyopotea, ghorofa ya chini karibu na Njia 100. Andika saa ya treni, njia yake, na kama ulikaa behewa la mbele au la nyuma. Maelezo hayo hupunguza utafutaji sana. Kilichoachwa LIRR au sabwei hakiletwi hapo. Kila mtandao una ofisi yake, na ombi lako lipeleke kwenye mtandao uliopanda.